Shamba Lililoonja Dihuang

Kijijini Liuwan, kaskazini ya Mto Njano, hakuna aliyependa kugombana na Shang Suyun, na hakuna ambaye hakuwahi kugombana naye. Aligombana na muuza makaa ya mawe kwa kuchanganya vumbi kwenye gunia, na fundi wa pampu kwa kuahidi leo akaja kesho, na jirani ambaye bata wake walipenya chini ya uzio. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa akisimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, anasema neno moja kwa sauti ya kawaida, na neno hilo humfuata mtu mpaka kwake. Wanawake wa pale walikuwa na mzaha wao. Walisema huyu analima dihuang tangu ujana wake, mzizi ambao watu wa mbali huchemsha kupoza damu iliyochemka, na yeye mwenyewe hajapoa hata kidogo.

Alifika Liuwan kama bibi arusi kutoka kijiji cha juu ya mto, ambako watu hulima viazi vikuu. Sherehe haikuwa imesahaulika midomoni mwa watu pale mama mkwe wake, Bi Fan, alipomkabidhi uma wa kuchimbia na kumpeleka shambani. Ulikuwa msimu wa mavuno, baada ya jalidi ya kwanza, majani yamelala chini yamekunjamana kama ngozi ya chura. Bi Fan alimwambia mbele ya watu kwamba mikono ya kwao imezoea viazi vikuu, vile virefu vinavyoshuka wima, na kwamba dihuang ataikata vipande. Suyun akaikata kweli, mzizi wa kwanza tu, katikati, maji yake ya manjano yakatoka. Bi Fan aliuokota ule mzizi akauonyesha huku na huku. Suyun hakusahau mkono ule ulioinuliwa. Misimu michache baadaye hapakuwa na mtu Liuwan aliyechimba safi kumshinda, na kila alipotoa mzizi mzima, mnene kama mkono wa mtoto, aliuweka miguuni pa mama mkwe wake bila kusema kitu.

Mumewe, Ke Yongfa, alikuwa mtu mpole mwenye mabega ya kuinama. Yeye peke yake aliweza kumnyamazisha Suyun. Alikuwa akimgusa bega, basi, na Suyun anameza alichotaka kusema. Watu walishangaa wawili hao waliishije pamoja, lakini waliishi vizuri, wakapata binti mmoja, Run, ambaye alipokua alikwenda kusini kushona mashati kiwandani.

Kisha Yongfa akaugua ini. Suyun akafunga nyumba, akampeleka mjini, na kwa misimu miwili ya kilimo hawakuonekana Liuwan isipokuwa wakati wa Mwaka Mpya. Mashamba yao yaliachwa kwa Ke Yongshou, mdogo wake Yongfa. Yongshou alikuwa tofauti na kaka yake: mchangamfu, mwepesi wa kumpa mtu sigara, anajua majina ya watoto wa kila nyumba. Alisema asiwe na wasiwasi shemeji yake, ng'ombe wa familia hawezi kufa njaa na yeye yupo. Yongfa alipofariki, Yongshou ndiye aliyepanga mazishi, akalia kwa sauti kubwa kuliko wote, na watu wakasema kumbe huyu naye ana moyo.

Ili mtu aelewe kilichofuata, lazima ajue tabia ya dihuang. Haikai mara mbili mahali pamoja. Udongo ukishaizaa mara moja unaikataa miaka minane, wengine husema kumi. Ukipanda mahindi pale, yatakubali. Ufuta na ngano pia. Dihuang nayo itachipua, itakutolea majani mazuri, itakuchekea mpaka jua la kiangazi likolee. Halafu itasimama. Ukiichimba utakuta ndevu tupu, nyuzi nyembamba zilizosokotana, hakuna mzizi. Hakuna mbolea inayoponya hilo. Kwa hiyo Liuwan ardhi ilihifadhiwa vichwani mwa watu: kipande hiki kilipandwa mwaka ule wa mafuriko, kile mwaka alioolewa binti wa fulani. Mtu aliyekosa kuwepo misimu miwili alikuwa amekosa kumbukumbu ya misimu miwili.

Majira ya kuchipua baada ya mazishi, Yongshou alikuja na chupa ya pombe kali na pendekezo. Suyun alikuwa na shamba karibu na mfereji, lililokuwa limepumzika tangu Run akiwa anajifunza kutembea, tayari kabisa kwa dihuang. Yongshou alikuwa na shamba la upande wa magharibi, mbele ya nyumba ya Suyun. Akasema mjane peke yake atahangaika kubeba mbegu na mavuno mpaka mferejini. Wabadilishane, yeye achukue la mbali, Suyun achukue la karibu. Suyun akauliza jambo moja tu.

"Hilo la magharibi limeonja dihuang lini?"

"Shemeji, tangu enzi za ushirika," alisema Yongshou. "Kaka alilijua. Mama naye anajua. Muulize."

Bi Fan, aliyekuja naye, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anamenya kitunguu saumu. Nyumba za wanawe wawili zilikuwa zikimlisha kwa zamu, mwezi hii, mwezi ile, na mwezi ule alikuwa kwa Yongshou. Suyun akamtazama. Bi Fan aliendelea kumenya, akapuliza maganda kutoka mapajani mwake, na Suyun akalichukulia lile kuwa ndiyo. Mwenyekiti wa kijiji, Dou, aliletewa karatasi, wote wawili wakabonyeza dole gumba kwenye wino mwekundu. Yongshou akamwaga tone la pombe chini kwa ajili ya marehemu.

Suyun alipanda mwenyewe. Aliinua matuta marefu, akachimba mitaro ya kutoa maji maana dihuang inaoza ikisimamiwa na mvua hata mchana mmoja, akakata vipande vya mbegu na kuvipaka majivu. Vyote vikachipua. Vikatoa maua yao ya zambarau yenye manyoya, akayakata yasinyonye nguvu ya mzizi. Watu waliopita walimsifia, na yeye, jambo lisilo la kawaida, aliwajibu vizuri. Alikuwa akilima shamba la kwanza bila Yongfa na alitaka litoke vizuri.

Kiangazi kilipofika katikati, majani yalianza kupata madoa na kugeuka njano kuanzia ukingoni. Suyun alifikiri ni maji, akazidisha mitaro. Alifikiri ni wadudu, akapiga dawa. Kisha asubuhi moja alichoma uma chini ya mmea mmoja, akaunyanyua, akaukung'uta. Zilining'inia ndevu. Akachimba wa pili, na wa tatu, akaenda mwisho wa tuta akachimba pale pia. Alikaa chini kati ya matuta, ndevu zile mapajani, akabaki pale mpaka kivuli cha miti ya popla kikamfikia. Alikuwa ameelewa. Wakati yeye anamshikia Yongfa beseni la kutapikia hospitalini, Yongshou alikuwa amepanda dihuang kwenye shamba hili, akavuna, akanyamaza.

Alikwenda kumuuliza. Yongshou hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimkaribisha kiti, akasema pole, akasema dihuang ni kitu kigumu, inajua mkono wa mwenye huzuni. Labda alizidisha maji. Labda mbegu. Mkewe Yongshou alicheka jikoni na kusema kwamba mwanamke aliyemzika mume asishangae kuzika na mbegu.

Suyun akarudi nyumbani. Hakusema lolote kwa wiki kadhaa, na walioijua tabia yake walianza kuogopa.

Mwanzoni mwa vuli mtoto wa kiume wa Yongshou alichumbiwa. Familia ya msichana ilikuja kutoka mjini kwa gari la kukodi, fataki zikapigwa, meza zikapangwa uani mpaka barabarani, nyama ya nguruwe, samaki mzima, karanga, pombe. Katikati ya karamu Suyun akaja akiendesha guta lake, lile la magurudumu matatu, limejaa udongo na majani yaliyooza. Aliliinamisha pale pale langoni. Shamba zima la ndevu lilimwagika mbele ya viatu vya mkwe mtarajiwa.

"Hii ni zawadi ya shemeji kwa maarusi," alisema. "Yongshou, waeleze wageni hiki ni kitu gani na kimetoka wapi. Waeleze ulichokuwa ukifanya kaka yako alipokuwa akifa."

Akageuza guta, akaenda zake. Uchumba haukuvunjika, lakini mama wa msichana alidai vitu zaidi kuliko mwanzo, na kila alichodai alikitaja pamoja na ndevu zile. Tangu siku hiyo Yongshou aliacha kumwita shemeji. Alimwita yule wa magharibi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uadui wa kila siku, uadui mdogo mdogo unaochosha kuliko vita. Maji ya mfereji yalipofunguliwa, zamu ya Suyun ilifika ya mwisho. Lori la mnunuzi wa mizizi lilipoingia kijijini, mtu alilielekeza njia nyingine. Kuku wake walikufa wote kwa siku moja. Yeye naye aliziba mtaro ambao maji ya uani kwa Yongshou yalipitia, na mvua kubwa ilipokuja, majiko yao yalielea. Shamba la magharibi alilipanda mahindi, halafu ufuta, akasubiri. Mwenyekiti Dou alimwambia hawezi kumrudishia shamba la mfereji kwa sababu dole lake liko kwenye karatasi. Suyun akamwambia Dou kwamba kichwa chake nacho kiko juu ya shingo lakini hakuna anayekitumia.

Na kila baada ya mwezi, Bi Fan aliletwa.

Alikuja na furushi lake la matandiko na bakuli lake mwenyewe, kwa sababu alisema bakuli za Suyun zina ladha ya sabuni. Wanawake hao wawili walikula meza moja bila kuzungumza. Suyun alimpikia tambi, uji, mikate ya mvuke na kabichi iliyokaangwa kwa siki, alimfulia, alimkata kucha za miguu, na kila alichofanya alikifanya kama mtu anayetekeleza hukumu. Mara moja tu, katika mwaka wa kwanza, aliweka vijiti chini akauliza.

"Mama, ulijua?"

Bi Fan alivuta tambi mpaka ikaisha. "Umeziivisha mno," alisema. "Mtu anakula gundi."

Suyun alichukua bakuli, akawamwagia bata wa jirani, akampikia nyingine ngumu kiasi kwamba bibi kizee yule aliitafuna mpaka chai ikapoa. Lakini aliimaliza.

Wakati huo dihuang ya eneo lile ilikuwa imepata soko sana, na ardhi iliyopumzika ikawa adimu. Wakulima kutoka ng'ambo ya milima walianza kuja kukodi mashamba. Hawa hawakuwa na kumbukumbu ya Liuwan vichwani mwao. Waliamini walichoambiwa. Na nyumba kadhaa za Liuwan, si ya Yongshou peke yake, zikaona kwamba udongo uliochoka unaweza kukodishwa kama udongo uliopumzika, kodi ikalipwa mapema, na ndevu zikija kuonekana mtu anaweza kumwambia mgeni kwamba amezidisha maji.

Walikuja mtu na mkewe, wa ukoo wa Hao, na matandiko yao juu ya trekta ndogo. Mume alikuwa mwembamba mwenye kikohozi. Mke ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Yongshou alishika nafasi ya kuwa mwenyeji wao. Aliwapa chai, akawatembeza, akawaonyesha shamba lake la mfereji pamoja na mashamba ya majirani wanne yaliyopakana nalo, yote kwa mkupuo. Lile la mfereji, shamba la Suyun la zamani, alikuwa ameliacha mpaka bei ipande, akalivuna dihuang msimu uliopita tu. Mabaki yake yalikuwa yamechomwa, na juu yake imepandwa ngano, imefunika kila kitu kwa kijani.

Suyun aliwaona siku baada ya siku kutoka shambani kwake. Inafaa kusema ukweli hapa: hakuwahurumia. Aliwaona kama nzi wengine waliofuata harufu ya pesa. Mke wa Hao alipotoka njiani peke yake na kuja kumwomba maji ya kunywa, Suyun alimpa kwa sababu hakuna anayemnyima mtu maji. Mwanamke yule alikunywa, akafuta kinywa, akauliza kama ardhi ya kule mferejini ni nzuri kweli kama anavyosema Bwana Ke. Akaongeza kwamba wameuza nyumba ya wakwe zake ili waje, na kodi ya mashamba yote matano wameshailipa.

Suyun alimtazama Yongshou kule mbali akimwashia Hao sigara, mkono wake begani kwake, anacheka. Kilichomsukuma kilikuwa kicheko kile. Alitaka kukizima.

"Shamba lile limeonja dihuang mwaka jana," alisema. "Na yale manne ya pembeni, hakuna lililopumzika zaidi ya miaka mitatu. Ukipanda pale utavuna ndevu za babu yako."

Mke wa Hao alisimama na kibuyu mkononi. Uso wake ulibadilika polepole, na Suyun, aliyekuwa akingojea kufurahi, hakufurahi kama alivyotarajia.

Kufikia jioni habari ilikuwa imezagaa kijiji kizima. Wageni walikuwa wametaka kodi yao irudishwe, na Yongshou alikuwa amesema hawezi kurudisha kwa sababu ya umbea wa mwanamke mmoja kichaa. Kesho yake asubuhi watu walikusanyika kwenye uwanja wa kupuria ngano. Mwenyekiti Dou alikuwepo, na wenye mashamba manne, na Hao na mkewe, na kila aliyekuwa na miguu. Suyun alikuja akasimama peke yake upande wa tanuri la zamani. Hakuna aliyesimama karibu naye.

Yongshou alizungumza vizuri. Alisema wote wanajua chuki ya mwanamke huyu ilianzia wapi: alishindwa kilimo akatafuta wa kumlaumu. Aliharibu uchumba wa mtoto, sasa anataka kuharibu jina la kijiji. Majirani wanne walitikisa vichwa kukubali. Mmoja wao alimwambia Suyun, kwa sauti iliyosikika, kwamba angetafuna dihuang mbichi, labda moto wa kinywa ungepungua. Watu walicheka. Suyun akamjibu kwamba atafurahi kuitafuna, amwonyeshe tu shamba moja kati ya yale ambalo inaweza kuota. Hao alikohoa, akasema yeye ni mgeni, hajui amwamini nani. Je, hakuna mtu mzima asiye na shamba katika ugomvi huu?

Ndipo Yongshou alipofanya kosa. Alimleta mama yake mbele. Ulikuwa mwezi wa Yongshou, na Bi Fan alikuwa ameketi kwenye kigoda chake ukingoni mwa uwanja, koti la pamba limemfunika mpaka mikononi. Yongshou alimshika kiwiko akamwinua kwa upole wa kuonyesha watu.

"Mama yangu yuko hapa tangu kabla ya mfereji kuchimbwa," alisema. "Mama, waambie. Shamba la mfereji limepumzika au halijapumzika? Waapie hawa kwa kaburi la kaka, waridhike, waende kupanda."

Bi Fan alivuta koti lake likamfunika vizuri. Suyun alidhani ndivyo itakavyokuwa tena, atapuliza maganda na kunyamaza. Yongshou akarudia, safari hii kidole chake kikiminya kiwiko.

"Kwa kaburi la Yongfa siapi," alisema Bi Fan.

"Mama, ni neno tu."

"Niachie mkono." Aliutoa mkono mwenyewe. "Uliponiambia ninyamaze kwa la magharibi nilinyamaza. Ulisema kaka anakufa hata hivyo, mwanamke atarudi kwao, shamba la mfereji lipotee bure kwa nini. Nikaona kweli atarudi kwao. Hakurudi. Alibaki kunikata kucha." Alimgeukia mke wa Hao. "Mama, la magharibi alilipanda mwaka mwanangu mkubwa alipokuwa hospitali. La mfereji amelivuna juzi juzi, mimi mwenyewe nilichambua mizizi. Chukueni chenu mwondoke."

Yongshou alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akamwambia mama yake jambo ambalo hata majirani zake wanne waliinamisha macho kulisikia: kwamba kama anampenda sana maiti, akaishi na mjane wa maiti.

Dou hakuwa na njia, aliamuru kodi irudishwe, yote, ya mashamba yote matano. Wengine walikuwa wameshaitumia. Hao na mkewe walipakia matandiko yao kwenye trekta. Suyun alitarajia, bila kukiri, kwamba yule mwanamke angekuja kumwambia neno. Alikuja.

"Tulikuwa hapa siku nne kabla sijakuomba maji," alisema mke wa Hao. "Ulituona kila siku tukipita. Ulisubiri nini?"

Trekta likaondoka, na Suyun alibaki akitazama moshi wake, akajua kwamba lile alilolifanya halikuwa wema, na kwamba hata hivyo lilikuwa limewaokoa watu wawili, na mambo hayo mawili hayakuchanganyika ndani yake, yalikaa kila moja kwake.

Liuwan haikumsamehe. Habari zilivuka milima pamoja na trekta, na wageni hawakuja tena. Walikwenda vijiji vya jirani. Nyumba ambazo zilimcheka kimya kimya Yongshou sasa zilikuwa upande wake, kwa sababu hasara ilikuwa ya wote. Dukani Suyun alisubiri mpaka watoto wahudumiwe. Alfajiri moja alikuta ukuta wa tanuri lake la kukaushia mizizi umeangushwa, matofali yamevunjwa kwa nyundo moja moja, kazi ya mtu aliyekuwa na subira. Hakuuliza ni nani. Alijua asingeweza kuuliza kijiji kizima.

Na mbele ya lango lake, jioni ya ile siku ya uwanjani, furushi la matandiko lilikuwa limetupwa chini, bakuli limevunjika ndani yake, na Bi Fan ameketi juu ya furushi.

"Mwezi huu si wangu," alisema Suyun.

"Najua kuhesabu miezi."

"Mimi sikutaki hapa. Nataka ulijue hilo."

"Sijakuuliza kama unanitaka," alisema Bi Fan. "Nauliza kama mlango uko wazi. Baridi inaingia kwenye mifupa."

Suyun akainua furushi, vigae vya bakuli vikilialia ndani, akaingia nalo. Yongshou hakuchukua tena zamu yake, wala mwezi ule wala mwingine wowote.

Wanawake hao wawili hawakupendana baada ya hapo, kama mtu anavyoweza kutarajia. Bi Fan hakuomba radhi kwa unyamavu wake wa mwanzo, na Suyun hakuitaka radhi hiyo, au alisema hivyo. Walizozana kuhusu chumvi, kuhusu dirisha, kuhusu jinsi Run anavyotumia mshahara wake. Suyun alipokasirika sana alimkumbusha kitunguu saumu. Bi Fan alipokasirika sana alimkumbusha mzizi wa kwanza, ule uliokatwa katikati. Majirani waliwasikia kupitia ukutani na kusema kwamba nyumba ile ina majiko mawili yanayowaka na hakuna chungu juu yake.

Kwa kuwa tanuri lake lilikuwa limevunjwa na hakuna Liuwan aliyetaka kumkodisha lake, Suyun alianza kufanya kazi ya kibarua ng'ambo ya mfereji, kwenye kijiji ambako watu walihitaji mkono wa kukausha. Kukausha dihuang ni kazi ya siku nyingi: moto lazima uwe mdogo, mizizi igeuzwe, ifunikwe itoe jasho, irudishwe tena, mpaka moyo wake ugeuke mweusi na laini kama lami. Moto ukizidi, ganda linakuwa gumu na ndani kunabaki kubichi. Bi Fan hakuweza kuachwa peke yake kwa sababu alikuwa ameanza kusahau kuzima jiko. Kwa hiyo Suyun alimpandisha kwenye guta, akamfunga blanketi, akampeleka naye. Alikaa uani kwa watu wasiomjua, akawaambia wote kwamba mkwe wake anatia makaa mengi mno.

"Basi njoo uwashe wewe," Suyun alimwambia siku moja, amechoka, uso mweusi kwa moshi.

Na bibi kizee yule akaenda kweli. Aliinama mbele ya mdomo wa tanuri, akatoa vipande kadhaa vya makaa kwa koleo, akasikiliza. Suyun alimwacha. Moto ukatulia. Hakuna aliyemsifu mwenzake, na wakati wa kurudi waligombana njia nzima kuhusu nani aliyesahau vijiti vya kulia.

Mwaka Mpya wa tatu tangu siku ile ya uwanjani, Yongshou alikuja. Hakuja na mkewe wala mwanawe. Alisimama nje ya lango, amepungua, kofia mkononi, na boksi la keki za ufuta lililofungwa kwa karatasi nyekundu. Alisema amekuja kumwamkia mama kama desturi inavyotaka. Suyun alikuwa langoni na ufagio. Hakusogea.

"Mama yumo?" aliuliza Yongshou.

"Yumo."

"Naomba kupita."

"Omba kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni Yongfa. Nenda kamuulize aliko."

Yongshou alikunja kofia. Alisema maneno mengine, ya chini, kuhusu umri wa mama, kuhusu watu wanavyosema, kuhusu mambo ya kale. Suyun aliyasikiliza yote hadi mwisho, kwa mara ya kwanza bila kumkatiza, na hasira yake ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata ukoko. Hakujua kama alikuwa akimsubiri Bi Fan aseme kitu. Kutoka ndani, sauti ya kizee ikasikika.

"Acha boksi hapo. Wewe nenda."

Yongshou aliweka boksi juu ya jiwe la kizingiti, akainama kuelekea mlango kama mtoto anavyofanya, akaondoka. Fataki zilikuwa zikilia mwisho wa kichochoro.

Suyun aliingia na boksi, akaliweka mezani. Bi Fan alifungua karatasi, akachukua keki moja, akainusa, akaigonga kwenye ukingo wa meza.

"Za mwaka jana," alisema. "Amezinunua kwa yule muuza duka mwizi."

"Nizitupe?"

"Nani kasema uzitupe? Weka maji ya chai."

Suyun akaweka maji. Walikula keki zile ngumu, kila mmoja upande wake wa meza, wakizilowesha kwenye chai, na zilipobaki mbili, Bi Fan alisukuma moja upande wa Suyun kwa kidole, akajifanya anatazama dirisha.